Matairi Manene ya Kumbebea Mama Mkwe

Tangu shule ifunguliwe mmenicheka vya kutosha, walimu wenzangu. Mmoja wenu amesema baiskeli yangu ina matende. Mwingine ameniuliza kama nimeacha ualimu nikaanza kusambaza mikate. Ninyi mliotoka Kakamega na Machakos hamjui mambo ya Kisii, na hawa Wakisii wenzangu wanajifanya hawayajui, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja. Karatasi hizi zizunguke chumba cha walimu, nami niachwe nisahihishe madaftari kwa amani.

Nyumbani, Itumbe

Jumatano ya kwanza ya likizo, mwanamke mmoja mchuuzi wa ndizi alituletea habari kutoka upande wa Kebirigo, huko mbele ya Nyamira. Mama yake mama mkwe wangu, bibi kizee ambaye miaka yake hakuna aliyewahi kuihesabu, amekubali kubatizwa. Siku ni Sabato hii hii, asubuhi, mtoni. Lakini ameweka sharti: haingii majini asiposhikwa mkono na binti yake.

Sisi ni Waadventista, na mama mkwe alikuwa ameliombea jambo hilo tangu mke wangu Kerubo hajazaliwa. Mara mbili nyanya alikubali, na mara mbili akaghairi. Mara ya kwanza alisema maji ni baridi. Mara ya pili alimtazama mchungaji akasema kijana mwembamba vile hawezi kumzamisha mtu akamrudisha. Mama mkwe aliposikia habari hii ya tatu aliketi chini akalia, halafu akajifuta macho na kuuliza basi linapita saa ngapi.

Basi lilikuwa halijapita tangu Jumatatu. Mnaijua mvua ya Aprili: barabara yote ilikuwa uji. Wanawe wa kiume wako Kericho na Nairobi. Goti lake la kulia halikubali kutembea zaidi ya maili moja. Na jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na mama mkwe hasafiri hata hatua moja ndani ya Sabato. Kwa hiyo ilikuwa lazima afike Kebirigo kabla ya jua kuzama Ijumaa, na mtu pekee mwenye baiskeli katika ukoo wote alikuwa mimi.

Hapo ndipo wageni mnahitaji maelezo. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake. Mimi na mama mkwe hatupeani mikono, hatukai kiti kimoja, hatutazamani usoni. Kumgusa, hata kwa bahati mbaya, ni jambo la kuitiwa wazee. Sasa fikirieni mtu amepanda nyuma ya baiskeli kwenye milima yetu. Anashika nini? Anamshika kiuno mwendeshaji, hakuna kingine.

Tulijaribu uani. Baiskeli yangu wakati huo ilikuwa kama zenu, inchi ishirini na nane, matairi membamba yaliyojazwa upepo mpaka yanalia ukiyagonga. Mama mkwe alipanda juu ya kigoda, na bado keria ilikuwa juu mno. Alihitaji mkono wa kumwinua, na mkono uliokuwapo ni wangu, usiofaa. Kerubo akamsukuma kwa nyuma. Tulikwenda hatua kumi, tukapita juu ya mzizi, mama mkwe akarushwa, akanyoosha mkono kunishika, akakumbuka, akaurudisha, akatua kwenye viazi vitamu.

Nilikwenda Ogembo kwa Fundi Mogaka nikiwa nimekata tamaa. Nilimweleza yote. Aliizunguka baiskeli mara mbili, akabonyeza tairi, kidole kikakataa kuingia.

"Mwalimu, hapa shida si mama," alisema. "Shida ni upepo."

Nyuma ya kibanda chake alikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli kuukuu ya kusambazia mikate, inchi ishirini na sita, na matairi yake ni manene kama mkono wa mpasua mbao. Akanifundisha kama vile mimi ndiye mwanafunzi. Tairi jembamba, alisema, lazima ulijaze likawa jiwe, la sivyo linakatika kwenye rimu. Na likishakuwa jiwe, kila kokoto la barabarani linapanda moja kwa moja mpaka kwenye mgongo wa abiria. Tairi nene hulijazi sana. Linalimeza kokoto, abiria hana habari. Lakini unene huo ukiuweka kwenye gurudumu la ishirini na nane hauingii kwenye fremu. Ukitaka unene, punguza urefu.

Akafunga magurudumu hayo, akakata miguu ya keria, akapima kwa mkono. Keria ilikuwa imeshuka vidole viwili na nusu. Nilicheka. Nilikuja na mlima wa matatizo, naye ananipa vidole viwili na nusu.

Kulikuwa na hasara mbili. Madigadi, yale mabati ya kuzuia tope, hayakuenea tena. Na breki hazikufika kwenye rimu, kwa kuwa rimu ilikuwa imeshuka. Fundi aliziongezea vipande vya chuma na mwishoni akafunga soli ya kiatu cha zamani.

"Hizi breki utumie kwa heshima," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni mama mkwe alipanda kigoda, akageuka, akaketi kwenye keria bila kuguswa na mtu. Nilimzungusha uani, tukapita juu ya mzizi ule ule. Hakushika kitu ila chuma cha keria. Kwa furaha niliyoiona usoni mwa Kerubo, sikujali tena kama baiskeli ina matende.

Itumbe hadi Daraja Mbili

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Mimi nilivaa koti zito ambalo Kerubo alininunulia kwa pesa zake za majani ya chai, yeye mwenyewe akabadilisha vifungo. Mama mkwe aliketi kiupande, kikapu magotini, na ndani ya kikapu kuku jike mwekundu, zawadi ya nyanya. Badala ya madigadi nilikuwa nimefunga magome mabichi ya mgomba juu ya gurudumu la nyuma, na niliyaonea fahari.

Mama mkwe ni mtu wa mambo ya zamani. Hakuna aliyekataza mkwe kusemeshwa, lakini yeye aliona kwamba kukaa nyuma yangu siku mbili ni ujasiri wa kutosha, tusiongeze na mazungumzo. Tulipofika kilima cha kwanza nilisikia akisema, kwa Kikisii na kwa sauti ya ibada, "Kuku, mwambie mwenye baiskeli kuna shimo mbele."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kuanzia hapo kila neno lilipitia kwa kuku. Kuku aliambiwa kwamba naenda kasi mno. Kuku aliambiwa kwamba naenda polepole mno na Sabato haitusubiri. Mimi nami, kwa adabu, nilimjibu kuku.

Lakini matairi, jamani. Kwenye tope la Igare, wenye ishirini na nane walikuwa wanazama kama kisu kwenye ugali, wanashuka, wanabeba baiskeli mabegani. Sisi tulipita juu juu. Vilima vilikuwa vyepesi pia, maana gurudumu dogo halikuombi nguvu nyingi. Palipozidi kuwa pakali nilishuka nikasukuma, mama mkwe akiwa juu, kwa ajili ya goti lake. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na baiskeli yake iliyokwama aliniuliza kama sioni aibu kumbeba mama mzima kwa baiskeli ya mtoto. Nilimwuliza yeye anambeba nani. Hakuwa ameona bado kwamba mwanamke mwenyewe ni mama mkwe wangu. Alipoambiwa alivua kofia, akatazama kando mpaka tukapita.

Saa saba tulipumzika, tukala viazi vitamu na maziwa ya mgando kwa mama mmoja wa kanisani. Nilipotoka nje nilikuta ng'ombe wake anamalizia madigadi yangu. Magome ya mgomba ni chakula cha ng'ombe, najua, nimefuga ng'ombe maisha yangu yote, na bado niliyafunga kwenye baiskeli nikaiegemeza kwenye zizi. Mama yule akaomba radhi. Ng'ombe hakuomba.

Kutoka hapo gurudumu lilichota tope lote la Gusii na kulituma juu. Gunia nililolifunga badala ya magome lilisaidia robo tu. Baada ya maili mbili nilisikia, "Kuku, mwambie mwenye baiskeli mgongo wangu umekuwa barabara."

Tulifika Daraja Mbili, pale mjini Kisii, jioni, yeye akalala kwa shemasi wa kike wa kanisa, mimi kwa binamu yangu. Shemasi aliufua ule mgongo mara tatu.

Kisii hadi Nyamira

Sasa naungama. Mnajua kwamba kwetu Waadventista chai hatunywi. Tunaipanda, tunaichuma, tunaibeba mgongoni mpaka kwenye kituo cha kupimia, lakini kuinywa ni udhaifu. Ijumaa asubuhi miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi na binamu yangu, ambaye ni Mkatoliki, alinipeleka hotelini kando ya soko. Nilikunywa vikombe viwili, vya maziwa, na maandazi. Naomba karatasi hii isimfikie mzee wa kanisa.

Baiskeli niliiacha nje. Nilipotoka nilimkuta mtu mmoja, muuza nguo za mitumba, ameinama juu yake na pampu, jasho linamtoka.

"Mwalimu, tairi yako ilikuwa imelala kabisa," aliniambia. "Mimi nimekujazia zote mbili. Saa hii iko ngumu kama mawe."

Alikataa kabisa kulipwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyetenda wema, nami nilimshukuru kwa moyo, akili yangu ikiwa bado kwenye maandazi. Nilimchukua mama mkwe kwa shemasi, tukaondoka. Tulikuwa tumepita nyumba za mwisho za mji nilipoanza kusikia meno yangu yakigongana.

Yale matairi manene yalikuwa yamekuwa mawe manene. Kila kokoto lilitufikia. Nilisikia pumzi za mama mkwe zikitoka vipande vipande, na chuma cha keria kikilia mikononi mwake. Kabla sijasimama tulipiga jiwe moja, mama mkwe akaruka juu na kurudi pale pale, kwa neema ya Mungu. Kikapu kiliruka na hakikurudi.

Kuku alikimbilia shamba la chai la mtu. Kumkimbiza kuku kwenye chai iliyopandwa kwa kubanana si kazi ya mtu aliyevaa koti zito. Mwenye shamba alitoka na panga, akauliza nafanya nini na kuku huyo. Nilimwambia ni wa mama mkwe wangu. Akauliza mama mkwe yuko wapi. Nilimwonyesha barabarani, kule alikosimama mwanamke ametupa kisogo, akitazama upande wa pili.

"Yule mbona hata hakutazami?" aliuliza.

"Ndiyo sababu ujue ni mama mkwe," nilisema.

Alifikiri kidogo, akashusha panga, akaja kunisaidia. Hata hivyo tulimkamata kuku saa nzima baadaye, chini ya ghala lake, na saa nzima siku ile ilikuwa mali.

Nilirudi kwenye baiskeli nikaanza kupunguza upepo, nalegeza, nabonyeza, nalegeza, mpaka tairi likawa linaingia kidole gumba kama ndizi iliyoanza kuiva. Hicho ndicho kipimo, walimu wenzangu, msiniulize tena. Mama mkwe alimpokea kuku, akampangusa, na bila kunitazama akamwambia, "Muulize mwenye baiskeli kama ile chai ilikuwa na sukari."

Nilimjibu kuku kwamba ilikuwa na sukari.

Nyamira hadi Kebirigo, na mteremko

Tuliingia Nyamira saa tisa na mvua. Tulijikinga kwenye kibaraza cha duka, na hapo niligundua kwamba soli ya breki ya mbele haipo. Ilikuwa imebaki njiani, pengine kwenye ile kazi ya kuku. Fundi wa Nyamira alisema anaweza kunitengenezea Jumapili. Mama mkwe alikuwa hazungumzi hata na kuku. Midomo yake ilikuwa inatembea, nikajua anaomba, na mimi nikaona aibu kubwa kwa vile vikombe viwili.

Mvua ilipopungua niliendesha kama mwizi. Tulipita Kebirigo saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili na dakika kadhaa tulisimama juu ya kilima ambacho chini yake ni mto, na kando ya mto, boma la nyanya. Moshi wa jiko lake tuliuona. Jua nalo tuliliona, limekaribia mgongo wa kilima cha ng'ambo. Njia ya kushuka ilikuwa ya changarawe, imechimbwa na maji, na kali kiasi kwamba watu hushuka kiupande.

Nilishuka kwenye baiskeli. Nilimweleza kuku kwamba nina breki moja tu, ya kiatu, na kwamba ni afadhali tutembee.

Kwa goti lile, kutembea kulikuwa nusu saa, zaidi. Jua lilikuwa na nusu ya hiyo. Na tulijua wote wawili kwamba Sabato ikimkuta njiani, mama mkwe ataketi pale pale kwenye changarawe mpaka kesho jioni, na kule chini nyanya atauliza asubuhi binti yake yuko wapi, ataambiwa hayupo, atarudi zake jikoni, na hatatoka tena.

Mama mkwe aliweka kikapu vizuri. Halafu alisema, na safari hii hakumwambia kuku:

"Mwalimu, twende."

Niliogopa, sitaficha. Tulikwenda. Hatua hamsini za kwanza breki ilifanya kazi, kwa heshima. Kisha nilisikia kitu kikipasuka, na soli ikapita kando yetu ikielekea mtoni kabla yetu. Kutoka hapo hakukuwa na breki, kulikuwa na matairi tu. Tairi jembamba lingekata ile changarawe na kutulaza kwenye kona ya kwanza. Haya yaliishika, yakapanuka, yakameza mawe, yakateleza kidogo na kurudi njiani. Kwenye kona ya pili, ile inayotazama mto, nilihisi koti likivutwa nyuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, mpaka kifungo cha shingoni kikanikaba.

Hakuachia mpaka chini. Tuliingia bomani kwa mlango wa nyuma, tukapita katikati ya kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi, soprano kulia na besi kushoto, tukasimama kwenye migomba. Nilitazama juu. Jua lilikuwa bado limeketi kilimani, ukubwa wa kipande cha chungwa.

Nyanya alikuwa kwenye kigoda mlangoni, ameona kila kitu. Na ninyi mjue kwamba kwetu chinsoni haiwagusi nyanya na wajukuu. Nyanya anakutania apendavyo, na mume wa mjukuu ndiye chakula chake kabisa.

"Mmeshikana," alisema. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nimeona kwa macho yangu haya. Leteni wazee."

Mimi nilitamani mto ulionibakiza unichukue. Mama mkwe alishuka kwenye keria mwenyewe, bila mkono wa mtu, vidole viwili na nusu vikimtosha. Akanyoosha nguo yake.

"Sikumshika yeye," alisema. "Nilishika koti. Koti alilinunua Kerubo. Nilimshika binti yangu."

Nyanya alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Wazee wawili wa kwaya nao wakalitafakari. Hakuna aliyepata kosa.

Mtoni

Asubuhi mto ulikuwa umejaa kwa mvua za juma zima. Walibatizwa vijana sita kwanza. Kisha akaletwa nyanya, amevaa nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, akashika mkono wa binti yake, akatazama yale maji ya kahawia, na nikaona uso wake unaanza kughairi. Sisi sote tuliujua uso ule.

"Ni baridi," alisema.

"Ni baridi, mama," alisema mama mkwe. "Nami nimo."

Akatangulia kuingia, goti bovu mbele. Jiwe likageuka chini ya mguu wake. Aliyumba, mkono mmoja umemshika mama yake, mkono wa pili hewani, ukitafuta. Mchungaji alikuwa mbali, katikati ya mto. Aliyekuwa karibu, ukingoni, nilikuwa mimi, na mkono wangu ulikwisha kunyooka nusu, halafu ukasimama pale ulipo, nao wa kwake ukasimama pale ulipo, na kati yetu kulikuwa na nafasi kama ya vidole viwili na nusu.

Nilivua koti. Nilishika mkono mmoja wa koti na kumtupia mwingine. Aliudaka.

Hivyo ndivyo walivyoingia: nyanya amemshika binti yake, binti yake amelishika koti la binti yake, nami mwishoni nimechimba visigino kwenye tope, nalia wazi wazi mbele ya kwaya. Nyanya alizamishwa akarudishwa. Alipopata pumzi alisema kwamba haikuwa baridi sana.

Koti mkono wake mmoja sasa ni mrefu kuliko mwingine, ndiyo maana navaa nimeukunja, kwa wale waliouliza na hilo pia. Matairi sibadilishi.